Kimya cha Diwani Vaileth

Miaka minne Vaileth aliusaka udiwani, akiwaapia watu wa kata yake, kule juu migombani Meru, kwamba chemchemi yao haiendi kwa mtu. Akaupata. Sasa yumo kwenye kikao cha madiwani wa chama, kile cha kufungiana mlango kabla ya baraza, anaambiwa chemchemi inapewa kampuni ya maua, na atakayepinga mbele ya watu amekisaliti chama. Vaileth akainuka, akatoka nje.

Mwenyekiti wa baraza, Meshack, akamfuata koridoni. "Dada, tulia. Mwezi ujao tunachagua makamu wangu na jina lako lipo. Ukishakaa pale, badilisha unachotaka. Leo usituharibie."

Makamu mwenyekiti. Tusidanganyane, Vaileth aliutaka ukubwa huo, tena sana. Akajipigia hesabu: ndiyo sisemi, lakini sipingi. Nitanyamaza, mikono yangu ibaki safi. Mtu mzima na akili zake!

Barazani Meshack akauliza, "Wanaoafiki?" Ukumbi ukaitika ndiyo. "Wasioafiki?" Vaileth akainamia makabrasha yake, akajifanya anasoma.

"Hoja imepita kwa kauli moja."

Kwa kauli moja, yaani na yeye yumo. Katibu akaandika hivyo hivyo, maana muhtasari hauna pa kuandika kwamba diwani fulani aliumia rohoni. Kabla wiki haijaisha, kampuni ilishazungushia chemchemi uzio.

Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mazao zikanadiwa nje ya kanisa kama kawaida. Vaileth akanunua mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote, akampelekea Mama Anande. Mama huyu ndiye aliyemwombea kura nyumba kwa nyumba, na mguu wake mbovu. Zawadi ya mnada haikataliwi, kila mtu pale anajua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Anande hakuupokea mkungu. "Barazani ulisema nini?"

"Sikusema ndiyo, mama. Haki ya Mungu. Nilinyamaza tu."

Watu waliokuwa wakinadi wakaacha kunadi. Mama Anande sauti hakuipandisha.

"Kunyamaza tulikuwa tunanyamaza wenyewe miaka yote, mwanangu. Hatukuhitaji kumchagua mtu akatunyamazie."