Kompyuta Iliyolilia Jina

Siku ile mjinga alikuwa Ibrahimu Akida, na cheo hicho hakutaka kugombania na mtu. Kwanza, aliuza cherehani ya mkewe ili anunue kompyuta iliyokwishatumika. Pili, kompyuta ilipoanza kulia, aliamini imeingiliwa na virusi, akazifuta disketi zake zote kwa spiriti ya hospitali na kuzianika uani, zikaning'inia kwenye kamba kama soksi za shule.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 1997, nyumbani kwao Shinyanga mjini. Kompyuta ililia kwa sauti ya mtoto mchanga, ikinyamaza kidogo tu kuvuta pumzi. Ilianza juzi yake, mara tu alipomaliza kuchapa kazi yake ya kwanza. Majirani walisikia, wakaleta uji wa mzazi wenye pilipili manga. Mwasiti, mkewe, aliupokea, akashukuru, akaunywa. Jirani mmoja aliuliza kama ni wa kike au wa kiume, akajibiwa bado haijajulikana.

"Baba Zamda," Mwasiti alisema, akijifuta mdomo kwa ncha ya khanga, "cherehani yangu ilikuwa hailii."

"Ni virusi tu, mama. Ikipona tutakula."

"Na isipopona?"

Ibrahimu alitoka uani kuzigeuza disketi. Kazi nyingine hakuwa nayo. Wateja wawili walikwishafika mlangoni, wakasikia kilio, wakasema watarudi mzazi akishapumzika.

Basi akaitwa Mihir, kijana wa dukani ilikonunuliwa kompyuta, mwenye disketi ya kusaka virusi. Alipopita uani alisimama, akaitazama kamba.

"Ibrahimu bhai, umefua disketi?"

"Nimezifuta tu."

"Ungezipiga na pasi basi, tujue moja."

Aliingiza disketi yake. Kompyuta ililia nayo mdomoni, kama mtoto anayepimwa homa. Baada ya dakika ishirini Mihir aliichomoa, akaifuta kwenye suruali.

"Safi. Virusi hata wa dawa hamna. Inalia tu."

"Alhamdulillahi!" Ibrahimu alikaa chini. "Sasa itanyamaza lini?"

"Mimi naondoa virusi. Kubembeleza ni kazi ya wazazi."

Mwasiti aliweka bakuli chini. Mama yake alikuwa Msukuma wa Samuye. "Kwa kina mama yangu," alisema, "mtoto mzima wa afya akilia hivi anadai jina. Hutajiwa waliokufa, mmoja mmoja, mpaka aridhike."

Wakaanza. Walimtaja baba yake Ibrahimu, kilio kikaendelea. Walimtaja bibi yake Mwasiti, kikazidi. Mihir, kwa adabu, alimtoa babu yake aliyekuwa akinunua pamba enzi za Mwingereza. Kompyuta ilipata kwikwi, ikaendelea.

Ndipo Mwasiti akachukua daftari lililokuwa kando ya meza. Lilikuwa la Theonest, mwenye shimo la dhahabu kule Rwamgasa, na orodha ya wachimbaji wake ndiyo kazi ile ya kwanza ya Ibrahimu. Kila mchimbaji alibandika dole gumba akiingia shimoni, akabandika tena akitoka. Siku shimo lilipoporomoka, mmoja alikuwa na dole la kuingia tu. Jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu. Theonest alimwambia Ibrahimu amruke, maana ofisi ya madini ikijua kuna mtu amebaki chini, shimo litafungwa. Ibrahimu akamruka. Huo ndio ulikuwa ujinga wa tatu, ule ambao hata yeye mwenye kupenda utani hakuutania.

Mwasiti alisogeza daftari kwenye mwanga.

"Doto Mabula," alisoma.

Kompyuta ikanyamaza.

Ibrahimu alilichapa jina mahali pake, mstari wa kumi na nne. Kompyuta ikacheua mara moja, ikalala huku kioo kikiwaka. Watatu hao walikaa wakisikiliza kuku wa jirani. Wenye nyumba walikuwa hawajawasikia kwa siku tatu, na walisikika vizuri sana. Mihir akaomba chai.

Alasiri alifika Theonest.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kazi yangu?"

Aliipokea karatasi, akashuka nayo kwa kidole mpaka mstari wa kumi na nne. "Futa huyu."

Ibrahimu akafuta. Kompyuta ikaangua kilio. Akarudisha, ikanyamaza. Walifanya hivyo mara tatu. Theonest hakushangaa, alikuwa na watoto saba. Alitoa wembe mfukoni, akaukata mstari ule kwenye karatasi, akaunganisha vipande kwa selotepu. Kompyuta haikulia, maana jina lilibaki ndani yake.

Karatasi hiyo yenye kiraka ndiyo iliyogongwa muhuri wiki iliyofuata, na wachimbaji wakaendelea kushuka hatua chache pembeni ya pale palipofukiwa. Wateja walirudi kwa Ibrahimu. Kazi zikawa za kutosha, na kabla mwaka haujaisha Mwasiti alikuwa na cherehani nyingine. Mpaka ilipokufa kwa uzee, kompyuta ile kila ilipowashwa iliandika kwanza Doto Mabula, ndipo ikamruhusu mtu aendelee na lake. Waliozoea walisubiri.

Lakini alasiri ile, Theonest akiwa mlangoni anakunja karatasi, Ibrahimu alijaribu.

"Mzee, kijana huyu ana mama yake. Anamngoja."

"Sikiliza, Akida. Mimi maiti sikuiona, wala hakuna aliyenionyesha kaburi. Mtu hana hata kaburi, utasemaje amekufa?"

Mwasiti alikuwa anafagia. Aliinama, akaitazama sakafu kuanzia mezani mpaka aliposimama mgeni.

"Kaburi analo, mzee," alisema. "Udongo wake huo kwenye viatu vyako."