Kipande cha Ishirini na Mbili

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami nikayahesabu kuwa baraka, kwani ilikuwa siku ya mtihani wangu. Baada ya miaka mitatu ya masomo ya jioni, nilitakiwa kupanga, chini ya hadubini, vipande ishirini na viwili vidogo mno vya platinamu kwenye uzi laini wa silikoni, ule unaoingizwa ndani ya sikio la kiziwi ili apate kusikia. Ukipoteza hata kimoja, umefeli.

Nilikiombea kila kipande. Cha mwisho nikakishika kwa kibano, nikasema, "Amina," na kuinamisha kichwa. Paji la uso likagonga hadubini, kipande kikaruka.

"Asitikisike mtu," alisema mkaguzi aliyesimama kando yangu.

Wanafunzi wenzangu wawili waliokuwapo wakapiga magoti taratibu, wakakagua sakafu. Mimi nikamtazama mkaguzi, nikaona nyusi yake ya kushoto inameta.

"Mkaguzi, naomba ulaze kichwa hapa chini ya hadubini."

"Mama, unanitania?"

"Na usicheke, kitaruka tena."

Akalaza shavu mezani, akafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Kwenye hadubini nyusi yake ilikuwa msitu mzima, lakini nikakitoa. Kikatupwa kwa kuwa kimechafuka, nikapewa kingine, nikamaliza.

"Umefaulu," alisema, akijikuna. "Lakini kuna jambo utaahidi mbele ya hawa wawili."

Nikasimama wima. "Naahidi mbele yenu: kuomba nitaendelea, ila nikishika kibano, 'Amina' nitaisema shingo ikiwa imenyooka."