Namba Ambayo Ngui Aliona

Chuo ilikuwa imefungwa tena, hiyo ni mwaka wa tisini na moja, na mimi nilikuwa nimehamia kochi ya binamu yangu Ngui huko Parklands, kwa kwota, vile vyumba vya wafanyakazi nyuma ya fleti, ambapo mamake, Auntie Kalekye, alikuwa anafulia watu nguo. Kazi yangu ilikuwa kulala na kuchokoza watu. Ngui alikuwa na kazi moja tu, kutaka kuwa rubani wa jeshi. Alikuwa ametaka tangu shule ya msingi, mpaka hata kumsikiza ilikuwa inachosha.

Shida ilikuwa macho. Mbali alikuwa anaona kama mwewe, lakini nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu moja. Kwa soko alibonyeza nyanya ndio ajue imeiva. Na jeshi haipei mtu kama huyo ndege. Mwaka uliopita alikimbia, akaruka, akaandika mtihani, akapita zote, halafu akaangukia kwa macho. Sasa hii ndio ilikuwa ya mwisho. Mwaka unaofuata wangemwambia amezeeka.

"Mtihani ni mtihani," nikamwambia. "Tunakariri."

Babake Harjit, jamaa tulisoma na yeye sekondari, alikuwa na duka ya miwani Biashara Street. Mzee akienda gurudwara kusali, Harjit anatutolea kitabu ya kupima rangi. Kila ukurasa ni duara imejaa vidoti, na ndani ya vidoti kuna namba. Mimi na Harjit tuliziona hapo hapo. Ngui aliona ya kwanza, ile hata ng'ombe angeona. Zile zilifuata, vidoti tu, mpaka tukaacha kumwonyesha.

Hesabu haikuwa yake, lakini Nairobi aliijua yote, kwa hivyo tukamfundisha na namba za basi, kila ukurasa na mtaa wake.

"Ya kwanza?"

"South C. Kumi na mbili."

"Ya pili?"

"Kibera. Nane."

"Ya tatu?"

"Eastleigh. Sita. Wee, nimechoka."

"Rubani hachoki, bana," Harjit akasema. "Endelea, ama utaendesha mkokoteni."

Alikuwa anasimama akiangalia ukuta, macho amefunga, anataja mitaa kama kondakta anaota. Tulipofika karibu na mwisho Harjit akafungua kurasa kadhaa, akakunja uso.

"Hizi ruka. Jua ya dirisha imezichoma, namba zimeisha."

Nikaangalia. Kweli, hakukuwa na kitu. Tukaruka. Ngui hata hakugeuka.

Asubuhi ya kupimwa Auntie Kalekye alimpigia shati pasi mara mbili. "Mwanangu, ukipita hii, mimi nitatoa mikono kwa maji." Halafu akarudi kwa karai, kwa sababu shuka za watu zilikuwa zinangoja.

Nikamsindikiza mpaka kliniki ya jeshi. Tulikaa kwa benchi mpaka miguu ikalala. Daktari alikuwa mama mmoja anaitwa Nanjala, na alikuwa amepima vijana wengi mpaka sauti yake imeisha. Alikuwa ameacha mlango wazi juu ya joto, kwa hivyo nilisikia kila kitu.

"Soma."

"Kumi na mbili."

"Hii?"

"Nane."

Alikuwa anaenda vizuri. Hakukimbia, hakusita. Nikaanza kufikiria vile nitajisifu kwa Harjit. Kurasa zikaisha zile tulikariri, daktari akafungua ingine, na Ngui akanyamaza. Nikajua ni zile zimechomwa. Sema hakuna kitu, nikamwambia kwa roho. Sema tu hakuna.

Nikasikia kiti ikilia. Ngui alikuwa ameinama karibu na kitabu.

"Arobaini na tano," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu amekutana na ndugu yake stendi. "Hiyo ni arobaini na tano. Naiona kabisa."

Daktari akavuta kitabu upande wake. Akaweka kalamu chini.

"Kijana, nani alikufundisha hizo zingine?"

Daktari akagonga ukurasa na kidole.

"Huu ukurasa, mtu wa macho sawa haoni kitu. Umetengenezwa hivyo. Namba inaonekana na watu kama wewe peke yao."

"Hata wewe huoni?"

"Mimi sioni."

Nikaingia bila kuitwa. Nilikuwa na maneno tayari, mzaha fulani wa kulainisha watu, lakini nilipomwona Ngui maneno yakakauka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka vile mtu anachoka akishaweka mzigo chini.

"Ungenyamaza tu," nikamwambia.

"Sikuweza. Nimetaja namba za watu wote hapa. Hii ilikuwa yangu."

Daktari akasema jeshi ina kazi zingine, stoo, jikoni, ofisi. Ngui akatingisha kichwa pole pole.

"Daktari, naomba kuiangalia tena."

Kulikuwa na foleni mpaka nje, lakini Nanjala akasukuma kitabu kwake. Ngui akaiangalia muda mrefu, halafu akanigeuzia.

"Wewe unaona nini?"

Nikakaza macho. Vidoti, na vidoti, na vidoti.

"Sioni kitu."

"Pole," akaniambia, akachukua koti yake.