Gongo ya Mwalimu Teodora

Mwalimu Teodora, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, hakuwa mtu wa kuonja hata togwa iliyolala. Ndiyo maana Katekista Antoni alipomwona, saa nne asubuhi, akitoka uani kwa Paskazia mpika gongo, shingo ya chupa ikichungulia kapuni, alisahau hata kusalimia.

Teodora naye alimwona. Akajua yamekwisha.

Chanzo kilikuwa somo la baiolojia. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameziba mwalo wa Kirumba, pale ziwani mitumbwi inapotia nanga, na wanafunzi wake walitaka kujua kwa nini hayafi, ilhali mayungiyungi, maua ya maji ya tangu enzi za mababu, yanapungua. Teodora akapanda gugu katika beseni moja na yungiyungi katika jingine, akayanyima maji mpaka likabaki tope tu. Sasa ilibidi apime kama majani bado yanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jani huchemshwa kwanza kwenye spiriti litoke rangi, kisha hutiwa iodini. Likiwa na wanga hugeuka jeusi. Lakini spiriti shuleni haikuwepo.

"Hili ni soko huria, Mwalimu," mkuu wa shule alimwambia. "Jitafutie."

Akajitafutia.

Jumapili, misa ilipokwisha, wazee wa kigango wakamwita kikaoni.

"Mwalimu, tumesikia una... matumizi," Antoni alianza, akikohoa bila kikohozi.

"Ninayo. Njooni kesho darasani mwone ninavyotumia."

Walikuja wote, hata wasioalikwa. Paskazia naye alikuja, kajifunga kilemba kipya, ati asije akasingiziwa bidhaa mbovu.

Teodora akaipua sufuria ya maji yaliyochemka, akasimamisha humo glasi mbili za gongo, kila moja na jani lake. Polepole gongo ikawa ya kijani, majani yakapauka kama karatasi.

"Mimi sichanganyi maji," Paskazia akawaambia wazee. Wazee wakakazia macho ukutani.

Iodini ikadondoshwa. Jani la yungiyungi likawa la kahawia tu, rangi ya iodini yenyewe, kama chai ya rangi. La gugu likawa jeusi tii. Wanafunzi wakaguna; wiki nzima walikuwa upande wa yungiyungi. Teodora mwenyewe alihisi kama aliyefungwa bao nyumbani.

"Kumbe hata likiwa na kiu linajipikia?" Antoni akauliza.

"Jua likiwaka tu. Yungiyungi letu limejifungia, linasubiri maji. Hili halisubiri mtu."

"Na likiwa kwenye maji? Tuseme kisima kidogo cha saruji. Mbele ya sanamu."

Darasa zima likamgeukia.

"Katekista," Teodora akasema taratibu, "yale maua ya zambarau kwenye groto, lile pango la sanamu kanisani, umeyatoa wapi?"

"Ziwani, Igombe, wakati wa Pasaka. Yalikuwa mawili tu."

"Na sasa?"

"Sasa Mtakatifu Petro anaonekana kuanzia magotini."

Paskazia alicheka mpaka kilemba kikalegea. Mchana ule ule walikwenda groto, Teodora kapandisha sketi, Antoni kashika reki, wakang'oa magugu na kuyaanika, mizizi na yote, juani juu ya mwamba. Kufika jioni maji yakaonekana.

"Mwalimu," Antoni akanong'ona, mkono mmoja mgongoni. "Hili moja tu. Ni zuri mno."

Teodora akanyoosha kiganja, akangoja. Antoni akalitoa.