Mwaridi Ndani ya Nailoni

"Nani ametoa nailoni?"

Mtunza miche aliuliza akiwa bado mlangoni mwa kitalu, ndoo mkononi. Upepo mkavu ulikuwa umevuma tangu asubuhi, ule unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Sasa ulikuwa umefika hadi kwenye kona yake, nyuma ya mapipa, asikoruhusu mteja kukanyaga.

"Ni mimi, mwanangu." Mama mkwe wake alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, nailoni ameikunja mapajani vizuri kama nguo ya mtoto. "Nilipita kumwona. Nikamkuta anatoka jasho humo ndani, nikamwonea huruma. Nikasema apumue kidogo."

Ndoo ilitua chini, maji yakamrukia miguuni. Majani ya mwaridi yalikuwa yamelegea yote, na ncha changa imeinama kama shingo iliyovunjika.

Mwaridi wa mkewe uliobaki ulikuwa huo tu. Mkewe alikuwa ameupanda mti wenyewe mlangoni kwao. Baada ya mazishi yake mwenye nyumba akachimba pote ili amwage zege, na mtunza miche aliporudi kutoka kazini aliukuta mti umetupwa barabarani, umekauka kwa jua. Alikata kila kijiti kilichoonekana na uhai. Vyote vilioza, isipokuwa kimoja. Akakichomeka ardhini pale konani, akakijengea kibanda cha nailoni.

"Huyo bibi harusi utamtoa ndani lini?" mpiga dawa wa kitalu alizoea kumtania. "Atazeekea humo, shauri yako!"

Naye alicheka tu, kwa sababu jibu alilijua. Yeye mwenyewe alimwambia kila mteja: fungua nailoni kidogo, kesho ongeza, mpe shida polepole. Chini ya jani kuna vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa ikikauka, jani huvifunga ili maji yasitoroke. Halikui sana likijifunga hivyo, lakini linaishi. Mche uliolelewa kwenye mvuke haujawahi kuhitaji kujifunga. Unajua kufungua tu.

Kila asubuhi aliinama ainue pindo la nailoni. Kila asubuhi alisema, kesho.

"Mwagilia basi, unangoja nini?" Mama aliinuka, akachomeka kidole kwenye udongo. Kilitoka na tope. Akakitazama. "Mbona pamelowa?"

"Maji anayo, mama. Yanampotelea majanini. Hajui kuyazuia."

"Kwa hiyo ni mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimempoteza mara ya pili."

Hasira ilimpanda mtunza miche. Tangu siku ya mazishi alikuwa akitafuta mtu wa kumfokea, na huyu hapa, kasimama mbele yake na tope kidoleni. Akafumbua mdomo.

"Si wewe," alisema. "Ningemzoesha mapema, upepo huu angeuvumilia. Mimi ndiye niliyemficha."

"Kwa nini? Si wewe fundi?"

"Niliogopa, mama."

Mama alimpa nailoni. Mkwewe akaurudisha ule mfuniko juu ya vijiti, akakandamiza pindo kwa mawe, lakini jua lilikuwa limefika pale na ndani kukaanza kuchemka. Akasimama upande wa jua ili kivuli chake kiuangukie mche. Hakikutosha. Mama akasogea, akasimama bega kwa bega naye.

"Ataamka?"

"Sijui."

Mpiga dawa alitokeza nyuma ya mapipa, mzaha tayari mdomoni. Akawaona, akaumeza, akarudi alikotoka.

Jua likasogea. Mama akasogeza mguu, mkwewe naye akasogeza wake, na ndani ya kivuli chao nailoni ikaanza taratibu kuingia ukungu wa mvuke, hata majani yakawa hayaonekani tena.