Kahawa Ambayo Dada Hakunywa

Mikono ya msusi ndiyo inayosifiwa, mgongo ndio unaoumia. Dada yangu alisimama saluni tangu asubuhi mpaka jioni, na mgongo ulipombana alimeza vidonge vya maumivu vya dukani kama anayetafuna karanga.

"Dada, hujala," nilimwambia siku hiyo, huku nikimchambulia rasta.

"Nimekunywa chai."

"Ya rangi. Kavu."

"Basi tumbo si tupu. Wewe mdogo wangu, tangu lini umekuwa mama mkwe?"

Mteja wetu, bibi harusi wa kesho yake, akacheka mpaka kichwa kikayumba.

"Tulia wewe, utaolewa na njia za panya kichwani!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshamwona dada akijibonyeza chini ya kifua kila alipodhani simwangalii. Na alikuwa amelalamika kwamba anapata choo cheusi kama lami. Tukasingizia mboga.

Alipofika nusu ya kichwa akasema, "Nishikie." Nikashika msuko. Akainamia beseni la kuoshea nywele, akatapika. Vitu vyeusi, vya chengachenga, kama masalia ya kahawa chini ya kikombe. Nikasema moyoni, kahawa hiyo. Kisha nikakumbuka. Dada hanywi kahawa.

Tapiko la pili lilikuwa jekundu.

Bibi harusi ndiye aliyekimbilia barabarani kusimamisha teksi, nusu kasukwa, nusu nywele zimesimama kama aliyeona jini.

Hospitali wakamtundikia damu. Daktari akageuza pakiti ya vidonge niliyompa.

"Alikuwa anameza na chakula gani?"

"Chai."

"Chai si chakula. Hivi vinachubua tumbo, vinataka ule kwanza. Na hata ukila, si vya kila siku. Ana kidonda tumboni, kinavuja."

"Atapona?"

"Mmemuwahisha. Damu imeanza kusimama."

Mama akafika akihema, akajitupa kwenye benchi kando yangu. "Kichwa kinanipasuka. Tangu jana sijatia kitu mdomoni." Akapekua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge vilevile, na kabla sijafumbua kinywa kidonge kilishaingia.

"Mama, tema!"

Watu wote wakageuka. Sijawahi kumkemea mama maishani. Alinitazama kama nimemzaba kofi. Kisha akatema kiganjani, akakiangalia kidonge, akaangalia mlango wa chumba alicholazwa dada.

"Ni hiki?" akanong'ona. "Mwanangu, hiki nilimzoesha mimi."