Pikipiki Isiyotikisa

Javan alikuja mtaa wa Fedha kumfuata mkewe akiwa juu ya pikipiki ya aina ambayo miaka yote aliiita ya watu wavivu. Ilikuwa mpya ila imeundwa kizamani: taa ya duara mbele, tangi linalong'aa, kiti kirefu cha watu wawili. Chini ya tangi palikuwa na silinda mbili. Hapo ndipo penye kisa, kwa maana Javan alikuwa mtu wa silinda moja tangu ujana wake, na aliisema kuliko mhubiri anavyoisema Biblia.

Tumseme tu, kwani hata yeye siku hizi anajisema. Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, mtu mpole asiye na neno na mtu. Jumamosi, pale pa kuoshea magari Donholm, ambapo wenye pikipiki za kizamani walikutana, upole ule sijui aliuacha wapi.

"Singo ina pistoni moja kubwa," alikuwa akisema, ngumi yake ikipanda na kushuka. "Ikipiga unaisikia mpaka kwa mfupa. Twini ziko mbili, zinasaidiana kazi, hata hujui kama imewaka. Hiyo ni cherehani, si pikipiki!"

Marion, mkewe, alikaa nyuma ya ile singo miaka tisa. Kila Jumamosi walitoka kwao Lucky Summer hadi Donholm, na sikukuu wakafika hata Machakos, yeye akiwa na chupa ya chai mapajani. Watu walizoea kuwaona pamoja. Javan alikuwa akijivunia hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Kisha Jumamosi moja rafiki yao Thuo, mwenye duka la vipuri, akaja na twini yake mpya na maneno mengi.

"Buda, wife amelala huko nyuma kutoka Thika. Amelala, nakuambia!"

"Mke asiyeweza singo," Javan akamjibu, "si umnunulie sofa!"

Wote walicheka, na Marion pia alicheka. Jumamosi iliyofuata akasema ana mkutano wa akina mama kanisani. Iliyofuata, mkutano tena.

Mume mwenye akili zake angeuliza. Javan hakuuliza, alinuna. Akawa anakwenda Donholm peke yake, anarudi amekunja uso, anakula bila kusema. Akajiuliza ni akina mama gani hao wasiomaliza ajenda. Miezi ikapita hivyo, hata jioni moja akamtazama mkewe akapasua jipu: "Huyo mwanaume wa mikutano anaitwa nani?"

Marion aliingia chumbani. Kisha akakusanya nguo zake akaenda kwa dada yake Kageha, huku Fedha.

Ilikuwa miezi kumi baadaye ndipo Kageha alipompigia simu kazini. "Shemeji, mimi nimechoka kunyamaza. Hakukuwa na mikutano. Zile Jumamosi zote alikuwa kwa rafiki yake, amelala chini sakafuni kwa sababu ya mgongo. Uti umesagika. Daktari anasema kule kutikiswa ndiko kulikommaliza."

Javan alitoka nje ya kiwanda akachuchumaa. Wiki hiyohiyo aliiuza singo, akachukua twini, na Jumapili akaja kumfuata mkewe.

Sasa, kwa kina Kageha, mume anayekuja kumfuata mke hasomewi kosa. Analitaja mwenyewe mbele ya senge, yaani shangazi yao, dada ya baba. Senge akiridhika, begi la mke huletwa mlangoni na shauri likaisha. Senge Perez alikuwa ametoka Vihiga kwa kazi hiyo tu. Alikaa kwenye kochi, mkoba wake magotini, akamwashiria Javan aanze.

"Nilimsingizia mwanaume," alisema Javan.

"Bado."

"Sikumuuliza anaumwa nini."

"Bado."

"Nilipenda pikipiki kuliko mtu wangu."

"Wewe unasoma," Senge Perez alisema. "Hayo umeyakariri njiani. Bado, baba."

Alikuwa amekuja na makosa matatu na yote yameisha. Hapo Marion, aliyekuwa amekaa pembeni, akaingilia kati, sauti yake ina kicheko kidogo ndani, kile ambacho Javan hakukisikia mwaka mzima.

"Senge, mngojee kidogo. Nataka kuiona hiyo pikipiki."

Aliinuka polepole, mkono kiunoni, kama bibi wa miaka themanini, naye hajafika arobaini. Javan aliona hilo likamchoma. Daktari alikuwa amemruhusu kukaa, mradi asitikiswe. Akamsaidia kupanda, akaiwasha, wakatoka langoni taratibu kabisa, akiyapita matuta kama amebeba mayai.

Kwenye singo, vioo vya pembeni vilitetemeka hata usione kitu ila rangi zinazocheza. Hivi vilitulia. Na ndani ya kioo kimoja Javan aliuona uso wa mkewe wote, tangu paji hadi kidevu. Miaka tisa alikuwa amembeba mgongoni na hajawahi kumwona. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

"Haitikisi," Marion alisema sikioni pake. "Javan! Haitikisi!"

Akacheka, akaegemeza shavu lake mgongoni mwa mumewe. Javan alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi yao. Alimpenda hata akaogopa, akakumbuka kitu alichokuwa amekikalia muda wote huo. Hakutaka kurudi nyumbani naye huku amekificha.

Langoni Senge Perez na Kageha walikuwa wamesimama wakiwangoja. Javan akazima injini, akamshusha mkewe kwa mikono miwili.

"Marion, nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Ile siku ya Thuo. Ulishuka ukashika ukuta, ukaweka paji lako pale, ukakaa hivyo. Mimi nilikuwa nimeinama naangalia injini, nikakuona ndani ya ile kromu inayong'aa ya taa. Nikajua unaumia. Nilijiambia ni uchovu, lakini nilijua. Ndipo nikasema ile ya sofa. Niliisema ili usilalamike mbele ya wasee wenzangu."

Senge Perez alishusha pumzi. "Hilo ndilo," alisema. "Kageha, leta begi."

Kageha hakwenda mbali. Begi lilikuwa nyuma ya mlango. Akalileta amelikumbatia, machozi yamemlenga, anafurahi.

"Rudisha," Marion alisema.

"Dada, amelisema."

"Nimesikia. Rudisha."

Hakupaza sauti. Alimwangalia Javan usoni, na ule uso wa kwenye kioo haukuwepo tena.

"Miezi kumi nimekutetea ndani ya nyumba hii. Hawa walikuita mnyama. Mimi nikawaambia, hapana, Javan si mbaya, hana macho tu. Hakuona. Angeona, angeniteremsha mwenyewe na kunibeba mpaka nyumbani. Nimewaambia hivyo wakachoka kunisikia. Kama hukuwa umeona, leo ningerudi na wewe. Hilo begi nimelipanga tangu juzi."

Javan angeweza kusema amekosea, kwamba labda hakuona vizuri, kwamba kromu hupotosha mambo. Alimwona Marion akingoja, hata akadhani anatamani aseme hivyo. Lakini hakuweza.

Marion akaingia ndani, na Kageha akamfuata na begi. Senge Perez alibaki, akamwekea Javan mkono begani.

"Umesema vizuri, mwanangu," alimwambia. "Sasa nenda nyumbani."

Javan hakwenda. Alilia palepale langoni, mbele ya shangazi wa mkewe, kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata walipomzika mamake, na wapita njia wakageuka kumtazama. Senge hakumwambia anyamaze.